Serena Ilipoingia Ugogo

Mbegu ya Serena iliingia kijijini kwetu msimu wa 1975/76, ndani ya magunia ya katani yaliyoshushwa mbele ya ofisi ya kijiji. Nilikuwa darasa la nne. Kijiji chetu kiko upande wa Kongwa, ambako enzi hizo kulikuwa bado sehemu ya wilaya ya Mpwapwa. Operesheni Dodoma ya 1971 ilikuwa imetutoa kwenye matembe yetu yaliyotawanyika ikatukusanya pamoja, na hatujakaa sawa ukaja ukame. Msimu wa 1973/74 haukutupa kitu, uliofuata haukuwa na nafuu kubwa, tukala unga wa yanga, yale mahindi ya njano kutoka Marekani, na tuliukubali kwa sababu haukuwepo mwingine. Serikali ikatangaza Kilimo cha Kufa na Kupona. Kwetu Ugogo, maana yake ilikuwa kila kaya ilime mazao yanayostahimili ukame: mtama, uwele na mihogo.

Mtama tulikuwa tunaulima tangu mababu. Kilichokuwa kigeni ni mbegu. Serena ilizaliwa kwenye kituo cha utafiti cha Serere, mashariki mwa Uganda, katika kazi ya mtaalamu wa mtama aliyeitwa Hugh Doggett. Bwana shamba wetu, kijana ambaye hakuwa Mgogo lakini alijitahidi kutusalimia "Mbukwenyi!" kabla ya kila hotuba, alituambia sifa zake pale mkutanoni. Inakomaa mapema, miezi mitatu na nusu hivi. Ni fupi, upepo hauilazi. Mvua ikikatika mapema inakuta imeshajaza punje. Na ndege, akasema akiinua kidole, ndege hawaipendi.

Wanaume waliuliza maswali ya maana. Je, soko lipo? Litanunuliwa gunia zima au kwa kilo? Bwana shamba akajibu kwamba soko lipo, kwa kuwa Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, lilikuwa ndiyo linaanza kununua nafaka vijijini. Wanawake walikaa upande wao chini ya mkuyu, miguu wameinyoosha, watoto mapajani. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mwenyekiti akafunga mkutano akisema wananchi wameipokea mbegu kwa kauli moja.

Watu walipotawanyika, wanawake wakalisogelea gunia. Bibi yangu mzaa baba alichukua punje chache, akatoa kile kisu kidogo cha kukatia masuke, akaikwangua moja taratibu juu ya ukucha wa kidole gumba. Ganda la juu lilipotoka, chini yake palikuwa na utando mwingine, mwekundu unaoelekea weusi. Akaitia nyingine mdomoni akaing'ata. Haikulia. Mtama wetu wa kienyeji, ule mweupe tuliouita Lugugu, ukiung'ata unalia meno yakashtuka, maana kiini chake ni kigumu. Hii ilivunjika kimya ikawa unga. Bibi akamgeukia mama yangu. "Mkwe wangu," akasema kwa Kigogo, "hii imevaa shati la ndani. Tutaivuaje?"

Mtihani wake wote ulikuwa huo, kisu na jino. Nilipokwenda chuoni nikafundishwa kwamba ule utando ndio wenye tanini, kemikali inayoleta ukakasi, na kwamba punje yenye kiini laini haikoboleki vizuri. Bibi alikuwa ameyaona yote mawili kabla jua halijazama.

Baba akapanda Serena. Alikuwa na haki ya kupanda, na sababu alikuwa nazo. Mama akabaki na eneo lake dogo la Lugugu jirani na nyumba, penye samadi.

Ikafika Machi, mtama ukaanza kuingia maziwa, na kwelea kwelea wakashuka. Asiyewahi kuamia ndege hawezi kujua kazi hiyo inavyomla mtu. Unaamka kabla hapajapambazuka ili uwe juu ya dungu kabla ndege hawajaamka. Una teo, una marundo ya udongo uliofinyangwa na kukaushwa, una kamba zilizofungwa makopo zinazokwenda kila pembe ya shamba. Wakitua unavuta kamba, unapiga kelele, unarusha. Wanainuka, wanazunguka, wanatua pembe nyingine. Jua likiwa kali wanapumzika kidogo vichakani, jioni wanarudi na njaa mpya. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila siku kwa wiki kadhaa, mpaka punje ikauke na kuwa ngumu. Sauti zinakauka. Mama alipanda dungu na mdogo wangu mgongoni, uji ukiwa kwenye kibuyu chini ya ngazi. Shuleni mwalimu mkuu alikuwa anajua mtama umefikia hatua gani kwa kutazama tu daftari la mahudhurio. Wanaume walikuja kusaidia kundi likiwa kubwa mno. Siku nyingine zote kuamia kulikuwa kwa wanawake na watoto.

Bwana shamba hakutudanganya kuhusu ndege. Niliwaona kwa macho yangu: walitua kwenye Serena ya baba, wakadonoa mara moja mbili, wakainuka kwenda kwenye Lugugu ya mama. Lakini hakutuambia nusu ya pili, kwamba kadiri kijiji kilivyozidi kupanda Serena, ndivyo ndege wote walivyozidi kujazana kwenye vipande vichache vya mtama mweupe vilivyobaki. Mwanamke aliyeshikilia mbegu yake ya zamani alijikuta anaamia kwa ajili ya nusu ya kijiji. Nilimsikia mama akisema, akiwa amekalia ukingo wa dungu na macho mekundu kwa kukosa usingizi, kwamba mwakani atapanda Serena peke yake, na atakayetaka ugali mweupe apande dungu mwenyewe.

Julai mama alikuwa na maneno mengine.

Lugugu inatwangwa hivi. Unainyunyizia maji kidogo, unaitia kinuni, wanawake wawili wanapokezana michi. Ganda linachubuka, pumba inajitenga, unaipepeta kwenye ungo, na kinachobaki ni punje nzima nyeupe, tayari kuoshwa, kuanikwa kidogo na kupelekwa kwenye jiwe la kusagia. Serena ilikataa hatua ya kwanza. Kabla ganda halijatoka, punje ilikuwa imeshapasuka. Ukipunguza nguvu, haikoboki. Ukiongeza, inakuwa chenga. Ukipepeta, chenga zinaruka pamoja na pumba, kuku wanashiba na wewe unabaki na unga pungufu. Nao ule unga haukuwa mweupe. Ulitoa ugali wa rangi ya udongo wa mfinyanzi, wenye ukakasi unaoshika ulimi, na ukiula mfululizo tumbo linafunga. Mama na shangazi yangu walitwanga Serena hadi viganja vikatoka malengelenge, nao walikuwa watu waliotwanga tangu wakiwa wasichana.

"Mama Watoto, ugali wa leo vipi?" baba aliuliza siku ya kwanza.

"Ndiyo ile mbegu ya mkutano, Baba Watoto."

Baba akala akanyamaza. Hakuuliza tena, na kwa miaka iliyofuata ugali wake ulitoka kwenye kilindo cha Lugugu, kile cha magome kilichokaa ndani kabisa ya nyumba. Sisi watoto tulikula wa rangi ya mfinyanzi, mara nyingine umechanganywa na unga wa uwele kupunguza ukakasi.

Nisimwonee baba. Lori la kununua nafaka lilipokuja, magunia ya Serena yalikuwa mengi kuliko mtama wowote aliowahi kuvuna shamba lile, na pale kwenye mizani ya kijijini kwetu hakuna aliyekwangua punje kwa kisu. Kilo ilikuwa kilo. Magunia yakaelekea stesheni ya Gulwe, na pesa ikageuka ng'ombe. Kwa Mgogo, ng'ombe si majivuno. Mwaka 1974 tulipona kwa sababu baba alitoa ng'ombe akapata nafaka kutoka kwa watu wa mbali waliovuna. Mtu aliyewahi kuona ndama akibadilishwa na magunia, na magunia yakimvusha mwanawe hadi mvua nyingine, ana haki ya kupenda mbegu inayorudisha ng'ombe zizini. Tatizo ni kwamba zizi lilikuwa la baba na kinu kilikuwa cha mama, na Serena ilijaza kimoja kwa kukitesa kingine.

Mwisho wa miaka ya 1970 habari zilianza kusikika kwamba maghala ya NMC yamejaa mtama na mihogo mikavu isiyo na wanunuzi. Watu wa mijini walitaka sembe na mchele. Serikali ilikuwa imepandisha bei ya mazao ya ukame ili tusife njaa, wakulima tukaitikia, na shirika likabaki na shehena ambayo mpishi wa Dar es Salaam hakuitaka. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa kwamba yule mpishi na mama yangu, ambao hawakuwahi kuonana, walikuwa wametoa hukumu moja. Tofauti ni kwamba wa mjini aliweza kuacha kununua.

Na bado, msimu wa tatu au wa nne, mama yangu alikwenda mwenyewe ofisi ya kijiji kuomba mbegu ya Serena.

Bwana shamba alifurahi. Nina hakika aliandika kwenye taarifa yake kwamba akina mama wameshaipokea. Alichoandika kilikuwa kweli, ila hakujua kwa nini. Wanawake wa kijiji walikuwa wamegundua kwamba punje ile ile isiyofaa kwa ugali inatoa pombe nzuri: rangi imekolea na ladha ina ukali ambao wanywaji walianza kuuomba. Kimea hakihitaji kukoboa. Unaloweka punje na ganda lake, unatandaza chini ya magunia yaliyoloana, unanyunyizia maji hadi itoe mizizi myeupe, unaanika juani, unasaga. Kazi ya mchi haipo. Na pesa ya pombe, kwa desturi ya kwetu, haikupita mkononi mwa mume. Sare yangu ya darasa la saba, na daftari, na mafuta ya taa niliyosomea, vilitoka kwenye mtungi wa pombe ya Serena. Mama aliikataa mbegu ile kama mpishi, akaitaka kama mfanyabiashara, na kama mwamiaji ndege aliipenda muda wote. Mtu aliyekuja kumuuliza "unaipenda au huipendi?" angeondoka na jibu lililotegemea mwezi aliokuja.

Tulikuwa na jirani, mjane mwenye watoto wadogo watatu. Yeye alipanda Serena shamba zima, bila Lugugu hata mstari mmoja. Wanawake wenzake walimhurumia kwa ugali anaolisha wanawe. Yeye hakujihurumia. "Mimi sina wa kupanda dungu," alisema, na hilo ndilo lilikuwa jibu lake lote. Akachanganya na unga wa uwele, akaloweka, akahangaika. Siku hizi nikisoma maandishi yanayosema wanawake wakulima wanapenda ladha, namkumbuka yule mama. Alipenda ladha sana, ila hakuwa na mikono ya kuilinda.

Bibi naye alikuwa na vita yake. Mtama hupokea chavua ya jirani, na baada ya misimu michache Lugugu yetu ilianza kuonyesha masuke ya hudhurungi katikati ya yale meupe. Kila mavuno bibi alikaa kwenye kigoda mlangoni, masuke ya mbegu yamewekwa mbele yake, akigeuza moja moja. Lenye rangi hiyo liliondolewa hata kama lilikuwa kubwa kuliko yote. Yaliyopita mtihani alifunga mafungu akayatundika juu ya meko, moshi uyalinde na fukusi. Hakuna mtafiti aliyemlipa kwa kazi hiyo. Alipofariki, mama akaiendeleza, kwa uvumilivu mdogo kuliko wake.

Mimi niliondoka, nikasoma, nikawa mwalimu wa sayansi kimu. Katika kusoma huko nilikutana na jambo lililonikera kwa muda mrefu. Rwanda, Burundi na kusini magharibi mwa Uganda, ambako watu wamekula mtama mwekundu kwa vizazi, wana njia ya kuondoa ukakasi: punje huchanganywa na majivu ya kuni yaliyokorogwa na maji, hulowekwa, huachwa ziote, kisha hukaushwa na kusagwa. Majivu yanadhoofisha tanini. Si kazi ngumu, na majivu hayakosekani jikoni kokote. Serena ilitufikia kutoka nchi jirani ikiwa na maelezo ya nafasi kati ya mistari na muda wa kupalilia. Habari ya majivu haikuwemo, kwa kuwa waliokuwa wanapanga safari ya mbegu hawakuhesabu upishi kuwa sehemu ya kilimo.

Miaka ya 1990 nilikuwa likizo kijijini watafiti walipokuja na majaribio mapya. Mambo yalikuwa yamebadilika. Nchi za kusini mwa Afrika zilikuwa na mpango wao wa pamoja wa mtama na uwele, makao yake Matopos nchini Zimbabwe, na kwetu kazi ilisimamiwa kutoka Ilonga, Kilosa, pamoja na kituo cha Hombolo. Shamba la majaribio lilikuwa na vipande vyenye namba tu, bila majina. Wanaume wakapitishwa peke yao, wanawake peke yao, kila mtu akiweka punje za mahindi kwenye kopo la kipande alichokipenda.

Wanaume walimaliza upesi. Walichagua mtama mfupi, mweupe, wenye suke lililoshiba na kukomaa mapema, wa aina ambayo baadaye tuliijua kwa jina la Macia. Wanawake walichelewa. Walikata punje, wakang'ata, wakauliza kama wanaweza kuondoka na suke moja moja wakatwange kwanza. Mmoja akauliza mabua mafupi hivi tutapikia nini, maana Ugogo kuni ziko mbali na bua refu ni kuni. Wengine waliinama kutazama kiduha, lile gugu la maua mekundu linalonyonya mizizi ya mtama, kwa kuwa mwenye kupalilia ndiye anayekutana nalo kwanza. Kisha wakaanza kubishana wao kwa wao. Wenye mabinti wakubwa walitaka mweupe. Wazee na wale ambao watoto wao walikuwa shule walisema mweupe utaliwa wote na ndege. Mtafiti aliyekuwa anaandika aliinua macho mara kadhaa akisubiri wakubaliane. Hawakukubaliana, na nilitamani aandike ubishi wenyewe badala ya kutafuta jibu moja la wanawake.

Kitu kingine kilikuwa kimebadilika: mashine ya kukoboa na kusaga ilikuwa imefika. Kinu kilianza kulala. Lakini mashine inadai pesa kwa kila debe, na pesa hiyo mara nyingi ilitoka mfukoni mwa baba mwenye nyumba. Hapo ndipo nilipomsikia kaka yangu, mwanamume ambaye hajawahi kushika mchi, akilalamika kwamba mbegu fulani inakatika sana mashineni, unapeleka debe unarudi na unga kidogo. Aling'ata punje mbele yangu kuthibitisha. Gharama ya kukoboa ilipokuwa jasho la wanawake, haikuonekana kwenye hesabu ya mbegu. Ilipokuwa shilingi, ikaonekana siku ile ile.

Leo mtama mweupe ndio wenye soko. Viwanda vya bia vinautaka, na wanunuzi wa chakula cha msaada wamefika hadi vijiji vya Dodoma kuutafuta. Rangi iliyokuwa ya jikoni imepanda lori, na katika nyumba nyingi ninazozijua ugomvi wa sasa ni wa mume anayetaka kuuza mweupe wote na mke anayetaka ubaki wa kula hadi Machi. Anayetazama rangi peke yake atadhani wanaume na wanawake wamebadilishana tamaa. Kilichohama ni pesa, na upendeleo umeifuata.

Binti wa kaka yangu analima Macia ekari kadhaa kwa jina lake mwenyewe, baada ya kuachana na mumewe. Mwaka juzi nilimuuliza kwa nini hapandi mtama wa kienyeji wenye ugali mtamu zaidi. "Shangazi," akaniambia, "ule ni mrefu, unachelewa, na mnunuzi hautaki." Nikamuuliza habari ya ndege. Ana vijana anaowalipa kuamia, na ujira wao anautoa kwenye bei ya gunia kabla hajapanda. Ikifika mahali ujira unazidi faida, alisema, atarudi kwenye mtama mwekundu awauzie wapika pombe. Hakutaja ladha hata mara moja. Alikuwa ananipigia hesabu ambazo baba yangu angezielewa tangu neno la kwanza, isipokuwa kwamba ndani yake mlikuwemo dungu, ambalo baba hakuwahi kulihesabu.